Fender iliyoandikwa Made in Japan: nimeuziwa feki?

NyuziSita_Tanga
Wakuu, habari za jioni. Napiga solo kwenye kwaya ya vijana hapa Tanga, mwaka wa nane huu, na siku zote nimetumia gitaa la kanisa. Juzi nimepata la kwangu. Kuna jamaa anauza mitumba ya Japani, spika, baiskeli, majiko. Kwenye kona alikuwa na gitaa la umeme limeviringishwa blanketi. Kichwani limeandikwa Fender Stratocaster, rangi njano katikati, inakolea hadi nyeusi pembeni. Nimetoa 650,000, hela yangu yote ya mahindi ya Handeni.

Jana mazoezini mpiga besi wetu aliligeuza akasoma nyuma, pale shingo inapoungana na mwili: Made in Japan, na namba inayoanza na E halafu tarakimu sita. Akasema, "Umepigwa. Fender ni ya Marekani." Usiku sikulala. Muuzaji amenipa hadi Jumamosi kulirudisha. Sauti yake imeniingia moyoni, lakini sitaki kupiga kitu cha uongo madhabahuni. Nalitambuaje?

Kaka_Rithimu
Rudisha mapema mkuu. Fender ya kweli huipati kwa bei hiyo kwenye mitumba.

FundiShingo
Usirudishe kwanza, mdogo wangu. Natengeneza magitaa Dar tangu 1994, na hili jambo linaniuma kwa sababu nimeona watu wakitupa vyombo vizuri kwa maneno ya mtu mmoja. Gitaa kutengenezwa nje ya Marekani si ufeki. Feki ni lile linalobeba jina la kampuni ambayo haikulitengeneza.

Mwishoni mwa miaka ya 70 viwanda vya Japani vilikuwa vinaiga magitaa ya Kimarekani kwa ubora mkubwa na bei ndogo, hadi wenye jina wakaumia sokoni. Mwaka 1982 Fender wenyewe wakaungana na kampuni mbili za Kijapani, Kanda Shokai na Yamano Gakki, wakaanzisha Fender Japan. Kazi ya mbao wakapewa FujiGen, kiwanda cha mji wa Matsumoto. Mwaka 1985 kampuni ya CBS, iliyokuwa ikiimiliki Fender, ikaiuza, na kile kiwanda cha Fullerton, California hakikuwamo kwenye mauzo. Kwa kipindi fulani hata Mmarekani aliyeingia dukani kwao kununua Fender mpya, mara nyingi alitoka na ya Japani.

Sasa namba yako. E na tarakimu sita kwa Japani ni kati ya 1984 na 1987. Lakini usisimame hapo. Marekani nao miaka hiyohiyo waliandika E4 ikifuatwa na tarakimu tano, na ukihesabu unapata E na tarakimu sita vilevile. Namba peke yake haisemi nchi, na mwenye kufoji huanza na namba kwa kuwa ndiyo rahisi kunakili. Kinachomshinda ni kule ndani.

Fanya hivi. Legeza nyuzi zote, usizikate. Chukua bisibisi ya nyota inayokaa sawasawa, fungua skrubu nne za bamba la nyuma, toa shingo taratibu. Angalia kitako cha shingo na lile shimo ilimokaa. Japani mara nyingi walipiga muhuri wa modeli, kwa mfano ST62 au ST57, yaani muundo wa 1962 au 1957, kisha kistari na namba nyingine. Namba ya mwisho ni bei ya kule kwao kwa maelfu ya yeni. Tazama pia mkato wenyewe: shingo ikae shimoni kwa kubana, bila gundi iliyomwagika. Ukifungua sehemu ya vitufe, vile vya kuzungusha sauti, usitafute alama ya 137. Hiyo ni ya kampuni ya CTS, vitufe vya Kimarekani, na kukosekana kwake hakuthibitishi kitu kwenye gitaa la Japani.

DadaKinanda_Msa
Shikamoo mzee. Ndugu yangu wa Tanga, namba isikufunge macho kabisa. Mimi hapa Mombasa niliuziwa Gibson Les Paul, gitaa jingine la Kimarekani, yenye namba 95839412, nikafurahi sana. Baadaye nikajifunza kwamba kwenye Gibson za tarakimu nane, ya kwanza na ya tano ni mwaka, na tatu za kati yake ni siku ya mwaka huo. Yangu ilitengenezwa siku ya 583 ya mwaka 1999. Nililia.

FundiShingo
Marahaba binti, pole sana. Les Paul zinafojiwa kuliko zote zinazofika mezani kwangu. Kile kifuniko kidogo kichwani, Gibson hukifunga kwa skrubu mbili, nyingi za kufoji zina tatu. Chini yake Gibson wana nati ya shaba ya pembe sita, ya kukazia chuma cha ndani ya shingo. Ukikuta tundu la ufunguo wa Allen, una haki ya kushuku. Kuna pia wanaochukua Epiphone halali, mali ya Gibson hiyohiyo, wakakwangua jina na kuandika Gibson. Umbo la kichwa mara nyingi huwaumbua.

Wa Tanga, nimekumbuka. Kama jamaa alikupa na amplifaya ya Kijapani, usiichomeke ukutani. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu 230. Itaungua hapohapo. Nunua transfoma.

NyuziSita_Tanga
Mzee, asante mno. Amplifaya ipo, nilikuwa naichomeka leo usiku!

Nimefungua. Mpiga besi mwenyewe ndiye aliyenishikia tochi. Shingo ilibana hadi nikaogopa, ikatoka ikiwa safi, mbao nyeupe haijaguswa na rangi. Shimoni kuna muhuri hafifu wa buluu: ST62-55. Vitufe havina 137, ni vidogo, risasi ya kulehemu imekaa vizuri, nyaya hazijaguswa. Skrubu za pikapu, zile sumaku za kunasa sauti chini ya nyuzi, zimeota kutu kidogo. Mpiga besi ameusoma ule muhuri mara tatu, kisha akanisaidia kurudisha skrubu moja moja.

Silirudishi. Jumapili ibada ya kwanza ni saa moja. Niweke nyuzi za unene wa 9 au wa 10?

FundiShingo
Elfu hamsini na tano za yeni, na muundo wa 1962. Ni Fender, mwanangu. Weka 10, na baada ya kukaza liache usiku kucha kabla ya kulitune tena, shingo ilikuwa imelegea siku nzima. Hizo skrubu za kutu zipake mafuta ya cherehani kwa ncha ya kijiti, tone moja tu, yasifike kwenye pikapu.