Ubeti wa tajiri na maskini: Cecil Frances Alexander anaonewa?

Wakuu, juzi kwenye mada ya tenzi za zamani mchangiaji mmoja alidai kwamba kanisa likikata ubeti wa mtunzi aliyekwisha kufa linamdhulumu, maana hawezi kujitetea. Mfano wake ulikuwa Cecil Frances Alexander. Mimi napinga, tubishane hapa.

Mama huyu alizaliwa Dublin 1818, akafa Derry 1895, mke wa askofu. Mwaka 1848 alitoa Hymns for Little Children, tenzi za kuwafundishia watoto Imani ya Mitume. "All Things Bright and Beautiful" inaeleza "Muumba mbingu na nchi", na humo ndimo ulimo ubeti wenyewe. Kwa Kiswahili changu: tajiri ngomeni mwake, maskini langoni pake, Mungu aliwaumba, wa juu na wa chini, akawapangia hali zao.

Tazameni huo mwaka. Ireland ilikuwa kwenye njaa kuu. Viazi vilikuwa vikioza tangu 1845, watu wapatao milioni moja wakafa, na wapangaji walioshindwa kodi wakatupwa nje. Baba wa mtunzi alikuwa msimamizi wa mashamba ya makabaila, kazi ya kudai kodi hizohizo. Lango hilo binti alilijua kwa upande wa ndani.

Jibu: Mkuu, unamwonea. Mapato ya kitabu hicho yalisaidia shule ya watoto viziwi kule Strabane. Halafu maskini wa langoni ni Lazaro wa Luka 16, mama wa watu hakumbuni.

Mleta mada: Lazaro sawa, ila soma mpaka mwisho. Tajiri wa Luka anaishia kwenye moto akiomba tone la maji. Wa Alexander anabaki ngomeni, na Mungu ametia sahihi. Kuhusu viziwi, sijasema alikuwa na roho mbaya. Mtu anaweza kuwahurumia maskini maisha yake yote asiulize hata siku moja nani kawafanya maskini.

Jibu: Tutakata mpaka lini? English Hymnal, kitabu cha tenzi cha Waanglikana cha 1906, hakikuuweka, mamlaka ya elimu ya Inner London ikaupiga marufuku 1982. Yeye huyohuyo kwenye "Once in Royal David's City" anawaambia watoto wa Kikristo lazima wawe wapole na watiifu. Nao tuufyeke?

Mleta mada: Huo ubaki, utii wa utotoni mtu hukua akauacha. Maskini wa langoni hakuachiwa pa kutokea. Na sisemi ubeti ufutwe duniani: uchapwe vitabuni, usomwe darasani pamoja na habari za ile njaa. Kuimbisha ibadani ndiko nakataa. Anayetaka urudi aseme atamweleza nini mtoto ambaye mama yake kafungiwa mlango na mwenye nyumba wiki hiyohiyo.