Kovu la MS kwenye ponsi na maumivu ya neva ya tano: puto, gliseroli, joto, mionzi au kufungua fuvu?

Ponsi: Mgonjwa wa MS (kinga ya mwili huharibu ala za neva kwenye ubongo na uti wa mgongo), kovu liko pale mzizi wa neva ya tano, neva ya hisia za uso, unapoingia kwenye ponsi, sehemu ya shina la ubongo. Shavu na taya vinapigwa kama shoti. Kabamazepini, dawa ya kutuliza neva, inatuliza, ila dozi ikipanda anayumba na sodiamu inashuka. Mnaanzia wapi?

Kisu_Kidogo: MRI ya vipande vyembamba kwanza, mkuu. Ateri ikiwa imeisukuma neva hadi ikapinda, kufungua fuvu na kuitenga kunafikirika, japo kwa MS nafuu haidumu sana, maana kovu la ndani linabaki. Hakuna ateri? Usifungue. Tumia sindano: ngozi inatobolewa kama sm 2.5 nje ya pembe ya mdomo, eksirei ikiongoza hadi foramen ovale, tundu la chini ya fuvu linalopitisha neva hiyo. Ukitoboa utando wa ndani ya shavu, unaalika homa ya uti wa mgongo.

Mimi nachagua puto linaloibana neva. Katheta ya Fogarty (mrija wenye puto nchani) namba 4, dawa ya rangi ml 0.5 hadi 1, takriban dakika moja. Picha ionyeshe umbo la tunda la pea. Lisipotokea, puto halijakaa kwenye pango la Meckel, kijishimo chenye fundo la neva ya tano, na maumivu yatarudi mapema.

Nusukaputi: Na atropini iwe tayari kwenye sirinji. Puto likijazwa, mapigo ya moyo yanaweza kushuka ghafla.

Mzizi5: Joto la ncha ya sindano linachagua tawi la neva vizuri zaidi: nyuzi 60 hadi 80 za Selsiasi, sekunde 60 hadi 90. Lakini lazima mgonjwa aamshwe aseme msisimko unaangukia wapi. Mwenye MS iliyogusa kumbukumbu hawezi. Tawi la jicho liogope. Gliseroli, kimiminika kinachodungwa kuumiza neva, ni ml 0.2 hadi 0.4, akiwa ameketi, kichwa kimeinama, isimwagike nyuma.

Ponsi: Na mionzi?

Kisu_Kidogo: Gy (kipimo cha dozi ya mionzi) 70 hadi 90, nafuu baada ya wiki au miezi. Asiyeweza kula leo haimfai.

Mzizi5: Tahadhari: kiharusi cha medula (sehemu ya chini ya shina la ubongo) kikileta maumivu ya kuungua mfululizo, hayo ni mengine kabisa. Kuumiza neva kunaweza kuyazidisha.

Nusukaputi: Puto hulegeza misuli ya kutafuna, kwa hiyo msifanye pande zote mbili kwa pamoja, maana MS mara nyingine hushika zote. Jicho likipata ganzi, matone na miwani. Likiwa jekundu, hata bila maumivu, aonwe na daktari wa macho siku hiyohiyo.