Acheni kuwaambia watu "weka sudo mbele"! Seva yetu imelala saa 6 nzima kwa ushauri huo

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sina haja ya kuificha.

Juzi usiku seva yetu ya kazini ilikufa. Haikudukuliwa wala diski haikuharibika. Kilichoiua ni jibu lile lile linalotolewa kila mtu akiuliza kwa nini amri yake imekataliwa: "weka sudo mbele." Yaani anza amri na sudo, programu ya Linux inayoendesha amri kwa mamlaka ya mtumiaji mwingine, kwa kawaida root, msimamizi mkuu wa mashine.

Kuna kijana mgeni kazini, ana bidii sana, alipewa kazi ya kusasisha programu ya tovuti. Programu ile inaendeshwa na www-data, akaunti ya mfumo iliyotengwa kwa ajili ya tovuti. Yeye akavuta msimbo mpya kwa sudo, hivyo kila faili na saraka iliyoundwa ikawa mali ya root. Programu ilipotaka kuandika kwenye saraka yake ndani ya /var, ikakataliwa. Tovuti ikaanza kutoa makosa. Mpaka hapo tatizo lilikuwa dogo: chown moja ya kurudisha umiliki, mambo yanaendelea. Na kama tangu mwanzo angeandika sudo -u www-data (-u hutaja amri iendeshwe kwa jina la nani) kisha amri yake, hata hilo dogo lisingetokea.

Akaenda kuuliza kwenye kundi la wataalamu. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza programu inaendeshwa kwa jina la nani. Hakuna aliyemwambia alete matokeo ya ls -l, amri inayoonyesha mwenye faili na ruhusa zake. Mmoja akamtupia sudo chmod -R 777 /usr, yaani mpe kila mtu ruhusa zote kwa kila kilichomo ndani ya /usr, saraka ya programu za mfumo; mwenzake akaunga mkono, na kijana akabandika. Makosa yalikuwa /var, dawa ikapelekwa /usr!

Sasa sikilizeni kilichotokea, maana naona wengi mnaotoa ushauri huu hamjui. Sudo si uchawi. Ni faili la kawaida, liko /usr/bin/sudo, na nguvu yake yote inatokana na vitu viwili: linamilikiwa na root, na lina biti ya setuid. Ukipiga ls -l unaiona kama herufi s pale ambapo pangekuwa na x. Biti hiyo, aliyoibuni Dennis Ritchie, huiambia keneli, kiini cha mfumo, iendeshe programu kwa mamlaka ya mwenye faili badala ya mamlaka ya aliyeiita. Bila s, sudo ni programu ya mtumiaji wa kawaida, haiwezi kumpandisha mtu yeyote popote.

Chmod 777 inafuta ile s. Ikipita /usr nzima, inafuta ya sudo na ya programu nyingine zinazoitegemea, kama su, passwd na pkexec, zote kwa mkupuo. Kijana alipojaribu kurekebisha, sudo ikamjibu kwamba lazima imilikiwe na uid 0, yaani root, na iwe na biti ya setuid. Akajaribu su, amri nyingine ya kuwa root, ikagoma. Kuingia kwa mbali moja kwa moja kama root kwa SSH tulishafunga, kama inavyotakiwa. Kwa hiyo mashine inawaka, tunaiona, tunaingia kwa majina yetu, lakini hakuna binadamu aliyekuwa na uwezo wa kuwa root ndani yake. Ikabidi mtu atoke usiku aende ilipo, aiwashe kwa diski ya uokozi, airudishie sudo ruhusa 4755, yenye ile setuid, kisha tuanze kusakinisha upya vifurushi ili ruhusa nyingine zirudi. Saa 6. Kijana anatetemeka akidhani atafukuzwa, na waliomshauri wamelala kwao.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sudo haikutengenezwa iwe ufunguo wa kufungulia kila mlango. Iliandikwa yapata mwaka 1980 pale chuo kikuu cha Buffalo, Marekani. Kwenye sudoers, faili la sheria zake, unaandika nani aruhusiwe amri ipi, kwa jina la nani. Jina la NANI, wakuu! Root ni chaguo tu linalotumika usipotaja mtu. Ukitaka kufanya kazi ya hifadhidata, unasema sudo -u postgres. Nimekutana na watu wenye miaka kazini ambao hawajawahi kuandika -u hata siku moja.

Na sudoers zenyewe ni aibu. Unakuta mstari mmoja, NOPASSWD: ALL, yaani amri zote bila nenosiri, umemaliza. Mwingine anajiona mwangalifu, anamruhusu mtu vim, programu ya kuhariri maandishi, peke yake kama root, hajui kwamba ndani ya vim unaandika :!sh na umeshapata sheli ya root, yaani unapiga amri yoyote utakayo. Sudoedit ipo kwa kazi hiyo hiyo ya kuhariri faili bila kumpa mtu kihariri chenye mamlaka ya root. Wengine wanahariri /etc/sudoers bila visudo, amri inayokagua makosa kabla ya kuhifadhi; wakikosea herufi moja sudo inaweza kukataa kufanya kazi.

Halafu kuna ofisi zinazogawana nenosiri la root. Nimewahi kufanya kazi mahali ambapo tulikuwa watu 5 wenye nenosiri moja. Hifadhidata ikafutwa, tukafungua logi: root, root, root. Hakuna aliyejulikana. Kama kila mtu angetumia sudo kwa jina lake, logi ingemtaja pamoja na amri aliyoipiga.

Msinijibu kwamba sudo yenyewe ina kasoro. Najua. Mwaka 2021 lilitangazwa tundu lililokuwa limejificha ndani yake tangu 2011, na mtumiaji yeyote wa kawaida angeweza kulitumia kuwa root. Watengenezaji wa mfumo wa OpenBSD waliamua kuandika doas, mbadala wa sudo ulio mdogo zaidi, ikatoka na toleo la 5.8 mwaka 2015. Mwaka 2024 watengenezaji wa systemd, programu inayosimamia huduma kwenye Linux nyingi, wakaleta run0, mbadala mwingine usiotumia setuid kabisa. Wanaotengeneza mifumo hii wanaiogopa nguvu hii kiasi hicho, nyie mnaigawa kwa mtu ambaye hamjamuuliza swali hata moja!

Ninachodai ni hiki. Mtu akija hapa na amri iliyokataliwa, kabla hujaandika neno sudo mwambie alete matokeo ya id (inaonyesha yeye ni mtumiaji gani na yuko vikundi gani), alete ls -l ya faili husika, aseme programu inaendeshwa na mtumiaji gani. Kama huna muda wa kusoma majibu yake, usijibu. Na yule atakayeandika tena chmod -R 777 kwenye jukwaa hili, nitaomba wasimamizi wafute jibu lake siku hiyo hiyo.