USHAURI: Miraba ya vitenge ya kushonea juu ya karatasi inapinda na nyuzi zinaachia, nakosea wapi?

Kiraka_Njiro
Habari za jioni mafundi. Naomba mnikosoe bila huruma.

Kazi ni mfarishi wa viraka wa kitanda cha 5 kwa 6. Malighafi ni mabaki ya vitenge kutoka kwa mafundi wa Soko Kuu hapa Arusha, mengi ni tepe za upana wa inchi 1 hadi 3. Nakata karatasi mraba wa inchi 8, naweka utepe wa kwanza mshazari katikati, uso juu. Wa pili naulaza juu yake uso kwa uso, nashona ukingoni, naufunua, napiga pasi, naendelea pande zote mbili mpaka pembe zifunikwe. Mwisho nakata kufuata karatasi, kisha naichana.

Shida ni tatu. Nikichana karatasi, mshono unaachia. Miraba iliyokatwa inchi 8 sawasawa, ikishatolewa karatasi mmoja unapima 7¾, mwingine 8¼. Na vitenge vyeupe vimeingia weusi sijui kutoka wapi.

Vifaa: cherehani nyeusi ya miguu, sindano namba 18, mshono wa nguo za kawaida (nimehesabu mishono 8 kwa inchi), karatasi za A4 za fotokopi zilizotumika upande mmoja, pasi ya mkaa.

Bitana_Moshi
Mchawi wako wa kwanza ni huo mshono wa 8 kwa inchi. Kwa gauni ni sawa, kwa karatasi haufai. Matundu yakiwa mbalimbali karatasi inabaki na nguvu zake, kwa hiyo ukiivuta, kinachovutwa ni uzi. Punguza urefu upate mishono 14 hadi 16 kwa inchi. Kwa cherehani zenye namba za milimita ni kama 1.6 hadi 1.8. Hapo karatasi inaachia kwenye mstari kama stempu ya posta.

Ila usipitilize. Ukishuka chini ya 1.5 karatasi inakatika ungali unashona, utepe unahama, na ukikosea hakuna kufumua: utachana kitenge chenyewe.

Sindano 18 irudishe kwenye jinzi. Hapa weka 14, au 16 kama una vitenge vizito vya wax. Namba 18 ukiichanganya na mshono mfupi unakuwa unakata karatasi, hushoni. Na ujue karatasi inaua ncha haraka sana. Ukisikia sindano inagonga badala ya kupita, itupe. Fungua pia sehemu ya bobini (kigurudumu cha uzi wa chini) kila baada ya miraba 20 hivi, safisha vumbi la karatasi kwa brashi. Vumbi hilo likilowa mafuta linakuwa uji, uzi wa chini unaanza kukatika ovyo, na watu wanaanza kulaumu uzi.

Anza mshono nje ya karatasi kama robo inchi, maliza nje ya karatasi. Usirudishe nyuma, kile kichwa cha mshono kitakatwa na mkasi, na ukingo utafungwa na mshono wa kuunganisha.

PasiYaMkaa
Weusi unatoka kwenye maandishi ya fotokopi. Ule ni unga ulioyeyushwa kwa joto ukagandishwa kwenye karatasi. Pasi ikiwa kali unayeyuka tena, unashika kitambaa cha meza ya pasi, na mraba unaofuata unaukuta pale unakusubiri. Gazeti nalo usijaribu chini ya vitenge vyeupe, wino wake unafutika hata kwa kidole.

Tumia karatasi tupu na nyepesi. Kurasa za kaunta buku zisizoandikwa zinachanika vizuri kuliko A4 ya gramu 80. Karatasi ya kaki usiiguse, haichaniki, inararuka na kitambaa chako.

Halafu swali: unanyunyizia maji unapopiga pasi?

Kiraka_Njiro
Ndiyo, pasi ya mkaa bila maji kitenge hakikai.

PasiYaMkaa
Basi hiyo ni sababu ya pili ya kupinda. Karatasi ikilowa inavimba, ikikauka chini ya pasi inajikunja kivyake, na wewe umeshashonea utepe juu yake. Nyoosha vitenge vyote kwa maji KABLA ya kukata tepe. Juu ya karatasi piga pasi kavu tu. Kila ukishona utepe, ufungue kwanza kwa ukucha kwenye mstari wa mshono, ndipo uilaze pasi kwa kukandamiza, bila kuisukuma kwenda na kurudi. Usipoufungua hadi mwisho kinabaki kikunjo kidogo, milimita moja hivi. Mraba una tepe kumi. Piga hesabu mwenyewe.

Na majivu, kung'uta pasi nje kwanza, si juu ya kazi.

Uzi_na_Merikani
Wote wamesema kweli lakini kiini cha 7¾ na 8¼ hakijaguswa. Tepe zako zimekatwa kufuata nyuzi za kitambaa, kisha umezilaza mshazari kwenye karatasi. Maana yake kingo zote nne za mraba zimekatwa kwa mshazari wa nyuzi. Kitambaa kilichokatwa hivyo kinavutika kama mpira. Karatasi ndiyo inayokizuia. Siku unaichana, kila mraba unafuata mkono wa aliyeushika.

Ukitaka njia rahisi ya kuanzia, laza tepe sambamba na ukingo wa karatasi, si kona kwa kona. Kingo zinakuwa za nyuzi zilizonyooka, hazivutiki. Ukiunganisha, geuza mraba mmoja tepe zisimame, wa jirani zilale, unapata kama jamvi. Lakini mshazari ndio wenye uzuri wake: miraba minne ikikutana, utepe wa katikati unachora almasi. Kwa hiyo sikukatazi, nakuambia tu bei yake.

Jambo jingine ambalo mafundi wa nguo tunakosea sana kwenye kazi hii: kuvuta utepe kwa mkono wa kushoto wakati wa kushona. Utepe ukivutwa unarefuka, ukitoka chini ya cherehani unarudi ulivyokuwa, karatasi inajikunja. Acha meno ya cherehani yavute yenyewe.

Kiraka_Njiro
Asanteni sana. Sasa karatasi niitoe kabla ya kuunganisha miraba au baada? Na nawezaje kujua mabaki yangu yanatosha?

Bitana_Moshi
Baada. Ameshakueleza Uzi_na_Merikani hapo juu, karatasi ndiyo inayoshikilia kingo. Unganisha miraba minne minne, toa karatasi ya ile minne ukishaizungushia mingine pande zote. Ya pembeni kabisa mwa mfarishi toa mwisho.

Kona_Nne
Fundi Bitana, kwa heshima yote, mimi nasema kabla. Ukiunganisha na karatasi ndani, kuna vipande vya robo inchi vinabanwa kwenye mshono na kuvitoa ni kazi ya kibanio cha nyusi hadi usiku. Ukiviacha, siku ya kufua vinakuwa madonge. Tena mahali miraba minne inapokutana una tabaka nane za kitambaa pamoja na karatasi, mguu wa cherehani unapanda mlima, mshono unaruka.

Dawa ya kuvutika ipo: ukishakata mraba kufuata karatasi, kabla ya kuichana, piga mshono mmoja kuzunguka kingo zote nne, ndani kidogo, nusu ya robo inchi. Huo unashika ukingo, na baadaye unafichwa kwenye mshono wa kuunganisha. Huo mshono urefu wake uwe wa kawaida, usiufupishe.

Bitana_Moshi
Mfarishi mzima utakula miraba 144, na mshono wa kuzunguka ni inchi 32 kila mmoja. Anayekanyaga kwa miguu atakushukuru kweli?

Kona_Nne
Atanishukuru mwishoni 😄

Uzi_na_Merikani
Kwa mwenye vitenge vya wax vilivyokazana, njia ya Bitana inatosha. Kwa batiki laini na kanga zilizofuliwa mara nyingi, fuata ya Kona_Nne.

Kuhusu kuchana: kunja kwanza karatasi kwenye kila mstari wa mshono, pitisha ukucha, kidole gumba cha kushoto kikandamize mshono, ndipo uvute kuelekea pembeni. Anza na pembe ya mwisho kushonwa, rudi katikati. Ukianzia katikati unavuta mishono yote.

Sasa hesabu. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21, yaani inchi 8¼, kwa hiyo mraba wa inchi 8 ndio mkubwa unaoingia. Ukiondoa robo inchi ya mshono kila upande unabaki 7½. Godoro la 5 kwa 6 ni inchi 60 kwa 72. Miraba 12 kwa 12 inakupa inchi 90 kwa 90, inaning'inia 15 kila ubavu na 18 inabaki kwa upande wa miguu. Hiyo ndiyo 144. Namba iwe shufwa pande zote mbili, la sivyo almasi zinakatika nusu pembeni.

Kitambaa: utepe wa inchi 1½ ukishonwa unaonekana inchi 1, theluthi yote imemezwa. Ongeza kinachokatwa pembeni, kila mraba unakula karibu inchi za mraba 120. Mara 144 ni kama yadi 11 za kitenge cha upana wa inchi 45, karibu vipande viwili vya yadi sita sita. Kwa mizani ni kilo moja na nusu hivi. Kusanya kilo 2, maana mabaki ya mafundi yana vipande vya makwapa na shingo visivyotoa utepe. Uzi, kwa tepe hizo pamoja na kuunganisha, utakaribia mita 1,000, kwa hiyo nunua koni, si kete ndogo. Rangi ya kijivu inakaa na vitenge vyote.

Mtumba_Memorial
Kabla hujapima hiyo kilo mbili, chambua. Mabaki ya mafundi yana satini, tetroni (poliesta) na bitana humo humo. Pasi yenye joto la pamba inaziyeyusha, na zikisalimika hazirudi (hazinywei) pamoja na pamba ukifua. Chomoa nyuzi chache uziwashe: pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini, tetroni inajikunja na kuacha shanga nyeusi ngumu.

Kitenge kipya kina dondo (wanga wa kukaza kitambaa), kiloweke kitoke, na kirudi kama ni cha kurudi. Nyekundu na buluu za batiki loweka peke yake, kandamiza kitambaa cheupe kilicholowa. Kikitoka na rangi, rudia. Ikigoma baada ya maji manne usiitumie karibu na nyeupe. Chumvi na siki haviokoi rangi iliyotiwa vibaya.

Vipande vidogo vidogo fulia ndani ya soksi au chandarua kilichofungwa, vinginevyo vinatoka vimefungana kama mzigo wa kamba.

Mkono_Tu
Kwa asiye na cherehani, mbona hamsemi? Wasidi wa Karnataka kule India, watu wenye asili ya Afrika, wana mfarishi wao uitwao kawandi. Hauna karatasi. Wanatandika kitambaa cha chini, wanaanza pembeni na kushona viraka kwa mkono, mshono wa kupitisha, wakizunguka kuelekea katikati. Tabaka zote zinashikana kwa mshono huo huo.

Uzi_na_Merikani
Kweli, na inatufikisha kwenye jina langu. Anayechoka na karatasi ashonee juu ya merikani nyepesi, kile kitambaa cha pamba kisicho na rangi. Haichanwi, inabaki ndani, mshono unaweza kurudi 10 kwa inchi, na kingo hazivutiki. Ubaya ni uzito na gharama: miraba 144 ya inchi 8, mitano kwa upana wa inchi 45, ni yadi sita na nusu za merikani. Ifue kwanza, inarudi sana.

Kwa joto la Moshi, zaidi ya merikani usiweke kingine katikati, shuka la pamba chini linatosha. Kwa Arusha ya Juni hadi Agosti weka blanketi jembamba la flisi katikati. Blanketi zito la mtumba likilowa huko Njiro mwezi wa saba utalianika siku tatu.

Kiraka_Njiro
Mrejesho: nimeshona minne. Sindano 14, mishono 15, kaunta buku, pasi kavu, mshono wa kuzunguka. Yote minne ni 8 kamili. Ila tepe za katikati hazikutani kwenye almasi, zimepishana kama upana wa kidole. Na pembe mbili zimekuwa nene kama kamba.

Kona_Nne
Chora mstari kona kwa kona kwenye karatasi, kisha mistari miwili, mmoja kila upande wake, umbali wa inchi ¾. Utepe wa katikati kata inchi 1½ kwa 12, kingo zake zilale juu ya mistari hiyo miwili. Ushike kwa tone la gundi ya wanafunzi, maana pini inaacha nundu. Kitambaa kiwe kimoja kwa miraba yote, yadi 2 zinatosha zote 144.

Pembe nene ni kwa sababu utepe wa mwisho ulikuwa mwembamba, mshono wake umeangukia ndani ya mshono wa kuunganisha. Weka tepe zako za inchi 2 na zaidi kwa ajili ya pembe tu. Na mshono wa kuunganisha ufungue pande mbili kwa pasi, usiulaze upande mmoja.

Kiraka_Njiro
Mstari niuchore kwa kalamu ya wino au penseli?

PasiYaMkaa
Penseli. Wino wa kalamu nao unahamia kwenye kitambaa.