Naomba ushauri: mdogo wangu anaona maulidi ya nyumbani kuwa upotevu

Ndugu zangu, asalaam alaykum. Nimelelewa Lamu katika nyumba ya dhikri, na kila Mfungo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, tulikwenda kusoma Maulidi katika Msikiti wa Riyadha, alioujenga Habib Swaleh. Mdogo wangu, baada ya miaka miwili ya kufuata darasa moja, sasa anasema maulidi ni bidaa, yaani uzushi katika dini, na kuzuru makaburi ni shirki, yaani kumshirikisha Mungu. Ijumaa iliyopita, mama alipofukiza ubani ili tuanze kusoma, mdogo wangu aliinuka akakimwagia chetezo maji, akatoka bila kuaga. Mama alibaki ameketi, akiyatazama makaa yaliyozimika.

Tumebishana kwa aya na hadithi hadi usiku wa manane bila faida, kwani kila hoja yangu humthibitishia kwamba nimepotea. Nahofia ya Somalia, ambako al-Shabaab walibomoa makaburi ya mashekhe, na mwaka 2008 watu wa tarika, yaani Masufi, nao wakashika silaha. Sitaki moyo wangu ufike huko, wala wake.

Kwa mliopitia haya, je, ninyamaze na kuendelea kumkaribisha kwenye sinia moja, au nimtafutie mwanachuoni anayemheshimu azungumze naye? Na maulidi yetu tuyasome akiwepo, ama tuyahamishie kwa shangazi?