Praha na kamera: tusimame wapi, saa ngapi?

Kutoka: Dresden

Wadau, habari za jioni.

Familia tatu tunakuja Praha Jumamosi ya katikati ya Oktoba kwa treni ya asubuhi, tunarudi usiku huohuo. Kamera ni moja, ina lenzi ya 24–70, wengine wana simu. Tunataka picha ya pamoja ya watu 11 waliovaa sare ya kitenge, ile ngome ya kilimani ionekane nyuma, na picha chache za mji za kuchapisha kubwa. Bibi yetu mmoja ana magoti, ngazi haziwezi. Orodha za mtandaoni zina maeneo ishirini ishirini na hakuna hata moja inayosema uende saa ngapi. Wenyeji, tusaidieni.

Kutoka: Praha

Karibuni sana. Umeuliza swali lenyewe. Mji huu una mto Vltava unaopita katikati kutoka kusini kwenda kaskazini, Hrad, ndiyo hiyo ngome yenu, iko ng'ambo ya magharibi juu ya kilima, na mji wa kale, Staré Město, uko mashariki. Ukishika hilo, orodha hauihitaji: asubuhi jua linatoka upande wa mji wa kale na kuipiga Hrad usoni, jioni linatoka nyuma ya Hrad na kuupiga mji wa kale usoni.

La pili, msichukulie jua la huku kama la Dar. Kwetu saa sita mchana liko utosini na jioni linazama kama limekatwa kamba. Hapa linazunguka upande wa kusini mwaka mzima. Katikati ya Oktoba, mchana, linafika kama nyuzi 31 tu juu ya upeo, kwa hiyo hata saa saba mwanga bado unatoka ubavuni na vivuli vya minara vinaelekea kaskazini. Desemba linafika nyuzi 16 na nusu, mitaa myembamba haipati jua kabisa. Faida yake ni kwamba ule mwanga wa dhahabu, ambao kwetu unakaa dakika ishirini, hapa unadumu muda mrefu zaidi.

Sasa shida yenu. Picha ya Hrad nyuma na watu mbele hupigwa kwenye Daraja la Karl, Karlův most, mkisimama upande wa mji wa kale na kamera ikitazama ng'ambo. Wakati wake ni asubuhi. Tarehe zenu jua linachomoza kama saa 1:25 asubuhi. Treni kutoka Dresden inachukua zaidi ya saa mbili, hamtawahi. Mkifika saa nne daraja limeshajaa. Lina upana wa mita 10 hivi na urefu wa mita 516, na kila mtalii aliyeko Praha atapita hapo siku hiyo. Njooni Ijumaa jioni mlale, ama msahau picha hiyo na mchukue nyingine ya jioni nitakayoieleza chini.

Mkilala, mfanye hivi. Mfike saa 12:50 asubuhi. Metro inaanza karibu saa 11 alfajiri, hivyo Oktoba hakuna tatizo. Shukeni Staroměstská, mstari A, mtembee dakika tano. (Wa Juni ndio wenye kazi: jua linachomoza kama saa 11 kasorobo alfajiri na metro bado imelala, ni tramu za usiku tu, zile zenye namba za 91 hadi 99.) Msisimame chini ya mnara wa daraja. Wapiga picha za maharusi huwahi kona hiyo tangu giza, na hata jua likichomoza, mnara na nyumba zilizo nyuma yenu zinaifunika sehemu hiyo kwa kivuli wakati Hrad juu kilimani imeshawaka. Matokeo yake ni nyuso nyeusi tii na ngome iliyoungua kwa mwanga. Sogeeni hadi karibu robo ya daraja.

Picha ya kwanza ipigeni dakika 15 kabla ya mawio, mbingu ikiwa bado ya bluu na mwanga sawa kila upande. Watu 11 wasimame safu mbili, bibi akae katikati kwenye kiti cha kukunja. Lenzi iwe 50 hadi 70, msitumie 24. Kwa 24 Hrad inageuka kichuguu na waliosimama pembeni wanavimba mabega. Mpigaji arudi nyuma mita kumi na tano, avute kwa zoomu. Tundu la lenzi f/5.6, kasi ya shata isipungue 1/125 ya sekunde, ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) ipande hadi 1600 bila hofu. Chembechembe zinavumilika, ukungu wa mtu aliyetikisika hauondoki.

Kutoka: Brno

Naongeza hapo kwenye nyuso, maana ndipo picha nyingi za watu wetu huharibika.

Kamera na simu hupima mwanga zikidhani kila kinachoonekana kina weupe wa kijivu cha wastani. Ukiweka mbingu nyeupe ya Ulaya nyuma ya watu, mashine inaona mwanga mwingi, inapunguza, na nyuso zinazama. Kwenye simu: gusa uso wa mtu mweusi kuliko wote kwenye safu, bonyeza na ushikilie mpaka ifunge kipimo, kisha telezesha kidole juu kidogo hadi macho na mikunjo ya mashavu ionekane. Kwenye kamera: pima mwanga kwa nukta moja (spot) usoni, au ongeza mwanga +0.7 hadi +1 kwa kile kitufe cha kujumlisha na kutoa. Mbingu ikiungua kidogo, iungue. Kwenye theluji ni +1 hadi +1.7, vinginevyo theluji inatoka ya majivu na uso unakuwa shimo.

Lakini kuna mtego: kanzu nyeupe au shela. Ukiongeza mwanga kwa ajili ya uso, kitambaa kinapoteza nyuzi zote na hakirudi hata ukihariri. Mvaa nyeupe asisimame kwenye jua kali wakati wengine wako kivulini. Pigeni RAW (faili ghafi la picha) kama kamera inaruhusu.

Halafu baridi. Ngozi inapauka haraka, na mwanga wa ubavuni unauonyesha mpauko wote. Chupa ndogo ya mafuta iwe mfukoni, mjipake usoni, mikononi na kwenye vifundo vya vidole dakika tano kabla. Msijipake mengi, paji la uso litang'aa kama sufuria. Makoti yavuliwe picha ikiwa tayari kupigwa, si kabla. Mtu anayetetemeka anakunja mabega na sare yote inaharibika.

Viatu vya kisigino chembamba viachwe. Barabara ni za mawe madogo, kisigino kinaingia katikati ya mawe na kukatika.

Kutoka: Vienna

Kaka wa Praha, nakubaliana na yote isipokuwa moja. Bibi na mabegi saa 12:50 asubuhi darajani? Mwonee huruma. Picha yake ipigwe jioni, kwenye monasteri ya Strahov.

Pia, ratiba mtakayowapa vijana muiandike kwa saa za huku, 06:50. Watoto waliozaliwa Ulaya wakisoma "saa 1 asubuhi" watafika usiku wa manane.

Kutoka: Praha

Dada wa Vienna ana haki, na hiyo ndiyo picha ya jioni niliyosema. Wanaokuja kwa treni ya asubuhi wafuate hii, karibu yote ni mteremko.

Kutoka stesheni kuu chukueni metro C hadi Muzeum, badilisheni mstari A hadi Malostranská. Tiketi igongwe mara moja kwenye kile kisanduku cha njano kabla ya kuteremka kwenda kupanda metro. Isiyogongwa ni sawa na kutokuwa nayo, na wakaguzi hawasikilizi "sisi wageni". Malostranská pandeni tramu 22 kwenda juu, mshuke Pohořelec. Hapo bibi ameshapanda kilima chote akiwa amekaa.

Watembee polepole hadi monasteri ya Strahov, kwenye ukingo wa juu ya bustani za miti. Macho yanaelekea mashariki: Hrad kushoto, mapaa mekundu ya mtaa wa Malá Strana chini, minara ya mji wa kale mbali. Kuanzia saa tisa alasiri jua liko nyuma ya mpigaji na mji wote unalipokea. Kikundi kikisimama hapo kitakunja macho kwa jua, kwa hiyo wageuze mabega nusu, watazame mjini, na waangalie kamera kwa hesabu ya tatu.

Kisha mteremke kwa barabara za Úvoz na Nerudova, hadi uwanja wa Malostranské náměstí. Mkifika mtoni geukeni kushoto mwingie bustani ya Cihelná, ukingoni kabisa penye bata maji. Daraja lote liko mbele yenu na mnara wake wa mji wa kale mwishoni, umepigwa na jua la mwisho. Hapa ndipo wengi hukosea saa. Simu inasema machweo ni saa 12:12 jioni, lakini kilima cha Petřín kinalificha jua zaidi ya nusu saa kabla. Muwe hapo saa 11 na dakika chache, si saa 12.

Juni hesabu ni tofauti, na ina zawadi yake. Karibu na tarehe 21, ukisimama penye mnara wa daraja, jua linashukia juu ya kanisa kuu la Mtakatifu Vitus lenyewe, kama dakika 50 kabla ya machweo ya kwenye simu. Wiki chache baadaye limeshahama kwenda kushoto.

Usiku: nendeni kwenye daraja la Mánesův most au la Most Legií. Hrad inawashwa taa, na dakika 20 hadi 40 baada ya machweo mbingu ni ya bluu nzito. Stendi ya miguu mitatu, ISO 100, f/8, sekunde 8 hadi 10. Tramu zinapita juu ya madaraja hayo na daraja linatetemeka. Picha ikitoka na taa zenye kivuli maradufu, stendi haina kosa. Subiri tramu ivuke, hesabu hadi tano, ndipo ubonyeze kwa kipima muda cha sekunde 2. Mwenye simu aiegemeze kwenye ukuta wa daraja, mkanda ukiwa umezungushwa mkononi. Chini ni maji.

Droni iacheni Dresden. Na mkitaka kusimamisha taa na miamvuli ya studio mahali pa umma, hicho kinahitaji kibali cha manispaa.

Kutoka: Dresden

Ahsanteni sana. Tumegawanyika: vijana wanakuja Ijumaa, bibi na wazee Jumamosi, tunakutana Pohořelec saa nane. Swali la mwisho: mvua ikinyesha?

Kutoka: Praha

Mvua ya Oktoba ni rafiki. Mawe ya daraja yakilowa yanaakisi taa, watu wanapungua, na nyuso zinapata mwanga laini. Shusheni kamera karibu na ardhi. Tatizo ni mkiingia kwenye mkahawa wenye joto: lenzi inatoa jasho ndani na nje. Ifungeni kwenye begi la zipu kabla ya kuingia, ikae humo nusu saa. Na mlete betri ya pili, iwe mfuko wa ndani wa koti.