Ushauri: majaribio ya upande wa kivinjari kwa programu ya manunuzi ya dagaa, tuanzie wapi?

Kijana_Mabatini
Wakuu, habari za jioni. Niko Mwanza, tuko watatu tunatengeneza programu ya wavuti ya kurekodi manunuzi ya dagaa na samaki. Watumiaji ni makarani wa wafanyabiashara pale Mwaloni, Kirumba. Karani anafungua kivinjari kwenye simu, anachagua muuzaji, anaingiza kilo na bei, anabonyeza Hifadhi, na tajiri wake anaona jumla popote alipo. Tunatumia React, maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa. Upande wa seva una majaribio ya kutosha, ila upande wa kivinjari hauna hata moja. Kila tukibadilisha kitu tunakaa kubonyezabonyeza kwa mkono, na bado mambo yanatuponyoka. Juzi tumegusa fomu ya bei, ripoti ya siku ikavurugika, na waliotuambia ni makarani wenyewe.

Nimesoma sana mpaka nimechanganyikiwa. Huyu anasema kila komponenti (kipande cha ukurasa, kama fomu au kitufe) iwe na jaribio lake, yule anasema majaribio yapitie asilimia 80 ya msimbo, mwingine anasema pima kwa kivinjari kizima tu. Muda wetu mdogo, na bando tunanunua wenyewe. Mngekuwa ninyi mngeanzia wapi?

Dada_Nyegezi
Mdogo wangu, asilimia iweke kando kwanza. Inakuonyesha mstari ulipitiwa, haikuonyeshi kama kuna aliyekagua jibu. Unaweza kuifungua fomu nzima ndani ya jaribio, usihakiki chochote, na namba ikapanda vilevile.

Anza pale pesa inapopita. Njia ya karani kuanzia kuchagua muuzaji hadi kuona risiti: hiyo iandikie jaribio moja linaloenda mwanzo hadi mwisho kwa Playwright, zana inayoendesha kivinjari halisi kama mtumiaji. Litafute kitufe kwa jina ambalo karani analiona, yaani "Hifadhi", na sehemu ya kilo kwa lebo yake. Usitafute kwa majina ya klasi za CSS (yale ya kupanga mwonekano), maana hizo mtazibadilisha wiki ijayo na jaribio litavunjika wakati programu ni nzima. Jaribio linalolia bila sababu watu huacha kulisikiliza, na likishafika hapo ni bora lisiwepo.

Kuhusu bando: Playwright inaweza kushusha vivinjari vitatu, Chromium, Firefox na WebKit, na ni mzigo mkubwa. Kwenye laptopu zenu wekeni Chromium peke yake. Vile vingine viendeshwe kwenye mashine za mtandaoni, huko mnakosukuma msimbo.

Fundi_Igoma
Nakubaliana na dada kuhusu asilimia, ila mimi ningeanzia chini zaidi. Hesabu ya kilo mara bei, makato, kusoma namba alizoandika karani: vitoe ndani ya komponenti, viwe funsheni za kawaida, vipime kwa Vitest, zana ya kuendesha majaribio ya JavaScript. Havihitaji kivinjari wala mtandao, na majaribio mia yanaisha ndani ya sekunde chache.

Mfano mmoja uone uzito wake. Karani ameandika 1,500 kwa mkato. Ukiisoma kwa parseFloat, funsheni ya JavaScript ya kugeuza maandishi kuwa namba, unapata 1, bila onyo lolote. Ukitumia Number unapata NaN (yaani "siyo namba"), angalau hiyo inaonekana kwenye skrini. Hitilafu ya namna ile ya kwanza inamla mfanyabiashara kimyakimya, na jaribio lake ni mistari mitatu.

Dada_Nyegezi
Fundi, hizo funsheni ziandikwe, sina ubishi. Ninachokataa ni kuishia hapo. Funsheni inaweza kuwa sahihi na fomu isiiite. Tena majaribio ya komponenti mara nyingi yanaendeshwa ndani ya jsdom, kivinjari cha kuigiza kisicho na skrini, na jsdom haipangi ukurasa: haijui kitufe kiko wapi wala kina ukubwa gani. Kwenye simu ndogo upau unaoonyesha jumla, kama mnao chini ya skrini, unaweza kukifunika kitufe cha Hifadhi, na jsdom itabonyeza tu kama hakuna kitu. Playwright kabla ya kubonyeza inaangalia kama kitufe kinaonekana na kama kuna kilichokifunika, ndipo inafeli pale ambapo karani angekwama. Wekeni upana wa skrini uwe pikseli 360, siyo wa laptopu.

Kijana_Mabatini
Asanteni sana. Hilo la upau naenda kuliangalia leo hii. Nina mawili mengine. Mtandao ukiwa mzito, karani anabonyeza Hifadhi mara mbili na manunuzi yanaingia mara mbili. La pili linatusumbua zaidi: mzigo uliopokelewa usiku wa manane unaonekana kwenye ripoti ya jana. Kwenye laptopu zetu hatujawahi kuliona.

Mzee_wa_Bwiru
Hamlioni kwa sababu mnapima mchana. Angalieni kama mnapata tarehe kwa toISOString, funsheni ya JavaScript ya kuandika tarehe na saa, kisha mnachukua herufi kumi za mwanzo. Hiyo inatoa tarehe ya UTC (saa ya kimataifa), na sisi tuko mbele kwa saa tatu. Kwa hiyo kuanzia saa sita usiku mpaka saa tisa, UTC bado iko jana. Ikifika asubuhi tarehe zinalingana na kila kitu kinaonekana sawa.

Andika jaribio linaloweka saa ya kivinjari kuwa saa nane usiku, ukanda wa Africa/Dar_es_Salaam, kisha hakiki tarehe ya risiti. Kwenye Vitest kuna vi.setSystemTime, kwenye Playwright kuna page.clock na timezoneId. Ukanda uutaje waziwazi, usiutegemee wa mashine. Mashine za GitHub Actions, zile za mtandaoni zinazoendesha majaribio, zinatumia UTC, laptopu yako inatumia saa za hapa, na jaribio moja litafaulu kwako na kufeli kule.

Kuhusu kubonyeza mara mbili: zuia jibu la seva ndani ya jaribio kwa page.route ya Playwright, bonyeza mara moja, kisha hakiki kitufe kimezimwa wakati jibu halijarudi. Lakini msiishie kwenye kitufe. Mtandao unaweza kukatika baada ya seva kupokea, karani akarudia kwa nia njema. Kila ununuzi upewe namba ya kipekee na simu yenyewe, na seva ikiiona mara ya pili isiandike tena.

Fundi_Igoma
Mzee kamaliza. Naongeza dogo: msiweke "subiri sekunde tatu" ndani ya majaribio. Siku mashine ni nzito zitakuwa chache, siku nyingine zinapotea bure. Subirini kitu chenyewe, mfano maneno "Imehifadhiwa" yatokee.

Kijana_Mabatini
Wakuu, nimekuta toISOString sehemu nne, moja iko kwenye risiti. Naandika jaribio la saa nane usiku kwanza, lifeli, ndipo tusahihishe. Halafu njia ya karani nzima, halafu zile namba zenye mkato. Swali la mwisho: kuigiza simu ndani ya Playwright kunatosha kwa hizi simu za bei nafuu?

Dada_Nyegezi
Hakutoshi. Inaigiza ukubwa wa skrini na mguso, haiigizi prosesa dhaifu wala kivinjari cha zamani ambacho hakijasasishwa. Waulize makarani wanatumia simu gani, tafuteni moja iliyo dhaifu kuliko zote, iwe ya ofisi, na kila toleo lipite humo kabla halijaenda Mwaloni.